Biti nane nane, sio nane kwa nane

SWALI: Mwalimu, niko Kisumu, nimeanza kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Zoezi linataka programu ichukue listi ya biti (zile 0 na 1) itoe baiti (fungu la biti nane). Kwa maelezo niandike "mabiti" ama "biti"? Na hii sentensi iko sawa: "Programu inagawanya biti nane kwa nane kupata baiti"?

JIBU: Ya mabiti tuimalize haraka. Ni biti, iwe moja au elfu, biti hii, biti hizi, na baiti vilevile. Kwa Kiingereza, neno "bit" lilichapishwa na mwanahisabati Claude Shannon mwaka 1948 akisema John Tukey ndiye aliyelipendekeza, "byte" ikaletwa 1956 na Werner Buchholz wa kampuni ya kompyuta ya IBM, akaiandika kwa y makusudi isichanganywe na "bit". Ukisema mabiti sitagombana na wewe, Wakenya tushazoea kubandika ma- kila mahali, nimechoka kupigana hiyo vita.

Lakini "nane kwa nane" hapana! Hiyo siachi ipite, manake naiona kila siku, "ingieni wawili kwa wawili", "lipeni mia kwa mia", na hakuna mtu anashtuka. Kiswahili kina njia yake ya kugawa vitu kwa mafungu na ni rahisi ajabu, unarudia namba basi. Wawili wawili. Mia mia. Nenda soko la Kibuye hapo Kisumu uangalie nyanya zimepangwa tano tano, hakuna mama pale atakwambia ziko tano kwa tano.

Wengine hujitetea ati mbona tunasema ana kwa ana, bega kwa bega. Ndio, lakini hapo ni vitu viwili vimekutana, hakuna kinachogawanywa. Na ploti ya hamsini kwa mia ni vipimo vya pande mbili. Kwa "gawanya" ndio mbaya zaidi, sababu tangu shule ya msingi "gawanya nane kwa nane" jibu lake ni moja!

Na kwa programu hilo kosa linauma. Chukua hii listi yako ya biti 24:

010010110101001101001101

Ukizikata nane nane unapata 01001011, 01010011, 01001101, yaani 75, 83 na 77 zikisomwa kama namba za kawaida, na kwa ASCII, ule msimbo unaopa kila herufi namba yake, hizo ni herufi K, S, M. Baiti tatu, safi kabisa. Sasa mwenzako asome "gawanya kwa nane", atengeneze mafungu manane, kila fungu biti tatu: 010, 010, 110, 101, 001, 101, 001, 101. Anapata 2, 2, 6, 5, 1, 5, 1, 5. Hakuna namba inaweza kupita 7 hapo, na baiti inafaa kufika hadi 255! Ataketi usiku mzima akitafuta kosa kwa lupu (sehemu ya programu inayorudia kazi) na lupu haina shida, ilifuata maelezo vile yalivyoandikwa. Mafungu manane na mafungu ya nane nane ni vitu viwili tofauti kabisa, na Kiswahili kinavitofautisha bila taabu kama tu utakiacha kifanye kazi yake.

Kwa hivyo andika hivi: "Programu inachukua biti nane nane kutoka kwa listi, na kila fungu linakuwa baiti moja." Na useme pia biti zikibaki pungufu ya nane mwishoni zinajazwa sifuri upande gani, kushoto ama kulia, manake jibu linabadilika.