Usithubutu kumwambia mtoto aseme ameanguka

Mkuu, nimesoma uzi wako mpaka pale ulipoandika "tumeshamfundisha, nesi akimuuliza aseme kaanguka na baiskeli", chai ikanipalia. Salamu baadaye. Kamwamshe huyo mtoto umwambie baba amekosea, hakuna cha baiskeli, aseme alichofanyiwa. Kisha rudi umalizie kusoma.

Kwa mnaopita tu: jamaa yuko Texas, mke wake ni wa Guangdong, mtoto ana miaka 7, na mama mkwe katua kutoka China miezi miwili iliyopita. Juzi mtoto alishikwa na homa. Bibi akamlaza kifudifudi, akampaka mafuta, akamkwangua mgongo kwa kijiko cha kauri mpaka ikatoka mistari myekundu. Guasha hiyo. Homa imeshuka, kesho ni Jumatatu, shule, na jamaa kaleta maswali matano, la kwanza likiwa ni uongo upi unaofaa. Manne yaliyobaki nitayafikia. Nikiyakumbuka.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mke wangu ni wa Hunan, tulikutana Wuhan nilipokuwa nasoma kwa udhamini wa serikali ya China, sasa tuko Ohio mwaka wa tisa. Miaka minne iliyopita nilikuwa nimekaa hapo hapo ulipokaa wewe, na mama mkwe, na kijiko, na mtoto wa darasa la kwanza. Tofauti ni kwamba wewe umesema baiskeli, mimi nilisema ngazi.

Ngazi, mkuu. Na tulikuwa tunakaa nyumba ya chini. Nyumba haina ngazi. Hata kigoda hatukuwa nacho.

Na hata tungekuwa na ngazi kama za mnara wa msikiti, umeshauangalia vizuri mgongo uliofanyiwa guasha? Mstari mmoja unashuka kwenye uti wa mgongo, mingine inatawanyika kushoto na kulia kwa kufuata mbavu, imepangwa kama mifupa ya changu. Ni ngazi gani, au baiskeli gani, inayomwangusha mtoto kwa kupima na rula? Nesi wa shule hakuhitaji shahada yoyote. Mwanangu aliinua shati kwa sababu fulana ilikuwa inamwasha, mwalimu akaona, dakika kumi baadaye yuko kwa nesi, anaulizwa peke yake.

Hapo ndipo wengi hawaelewi. Majimbo mengi yanaruhusu mtoto kuhojiwa shuleni bila wewe kuwepo wala kujulishwa kwanza. Mimi niko kazini napakia maboksi, mtoto wa miaka sita yuko kwenye kiti anajaribu kukumbuka mstari niliomkaririsha wakati wa kupiga mswaki. Akasema ngazi. Akaulizwa ngazi za wapi. Akasema za nyumbani. Akaulizwa nyumbani kuna ghorofa? Akanyamaza, akainamisha macho.

Sisi tumelelewa hivyo. Tanga ukimkodolea macho mkubwa anayekuhoji unakula kofi, na Hunan ni vilevile, mtoto mwenye adabu anatazama chini. Kwenye karatasi iliandikwa kwamba mtoto anakwepa kutazama na anaonekana kumwogopa mtu nyumbani. Nilikuja kuisoma baadaye mwenyewe.

Wakampigia mama yake. Yeye sikuwa nimempanga, nilidhani nesi atanipigia mimi. Akaulizwa alama ni za nini, akababaika, akasema mzio. Saa nane mchana wamefika nyumbani watu wawili wa ustawi wa jamii, wakamkuta bibi anakatakata mboga. Wakampigia mkalimani kwa simu, mtu wa Mandarini (Kichina rasmi) safi ya redioni, na mama mkwe anaongea kama watu wa kijijini kwao, nusu ya maneno yanapotea hewani. Lakini lililopita lilipita: bibi, ambaye hajawahi kuona sababu ya kudanganya kuhusu dawa, alionyesha kijiko, akaonyesha na mafuta, akageuka akaonyesha mgongo wake mwenyewe kwa vitendo. Mwanamke mkweli kuliko wote ndani ya nyumba ile.

Kwa hiyo kabla ya jioni faili lina ngazi, lina mzio, lina kijiko. Mgongo mmoja, hadithi tatu. Ungekuwa wewe ndiye afisa ungeamini ipi?

Mke wangu naye akaongeza chumvi bila kujua. Wachina wengi wakibanwa wanatabasamu. Siyo furaha, ni aibu inatafuta pa kutokea. Iliandikwa: "mama alitabasamu alipoonyeshwa picha za majeraha". Afisa, nadhani kwa kutaka kupooza mambo, akamwambia mwalimu anamsifia mtoto kuwa mwerevu. Mke wangu akajibu kama anavyojibu kila mama wa Kichina aliyefundwa: hapana, mvivu sana, hajui kitu. Huo ni unyenyekevu, huwezi kupokea sifa ya mwanao ukaimeza mbele ya mgeni. Nayo ikaandikwa. Ukisoma lile faili bila kutujua unaona nyumba ya kutisha, mama anacheka damu na kumtukana mtoto, baba mzushi, bibi ana silaha ya kauri.

Sasa gharama. Tulipewa karatasi tusaini: uchunguzi ukiendelea, bibi asilale nyumba moja na mtoto. Unaweza kukataa, wakili alituambia baadaye, ila tulikuwa tumeshashikwa na ngazi, tungekataa kwa mdomo upi? Mama mkwe akafunga begi. Siku 23 alilala sebuleni kwa rafiki wa mke wangu, mwendo wa dakika arobaini, mwanamke wa miaka 64 aliyevuka bahari aje ampikie mjukuu wake uji wa mchele. Alikuwa na ruhusa ya kukaa miezi sita. Hakuimaliza. Faili lilipofungwa, kwamba tuhuma haikuthibitishwa, alikuwa ameshabadilisha tiketi. Wakili alikula dola 2,800, mke wangu alikosa zamu za kazi ambazo sitaki hata kuzijumlisha, lakini hizo ni pesa, zinatafutwa. Mama mkwe hajarudi tena. Anasema magoti.

Mwanangu ana miaka kumi sasa. Mwaka jana kwenye simu ya mwaka mpya wa Kichina aliniuliza pembeni kama Waipo, ndivyo anavyomwita bibi mzaa mama, bado amekasirika kwa sababu ya zile ngazi. Anadhani yeye ndiye aliyemfukuza. Uongo ulikuwa wangu, mkuu, nilimvisha mtoto kama sare ya shule.

Nani alinipa akili hiyo? Hapa niruhusuni nitukane kidogo kwa heshima. Kwenye grupu letu la WeChat la wazazi kulikuwa na mzee mmoja, kila kitu yeye. Shule nzuri, anajua. Bima, anajua. Miaka ishirini Marekani, anatuma ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine kama hotuba ya Mei Mosi. Usiku ule nilipouliza, akajibu ndani ya dakika moja: Wamarekani hawaelewi dawa zetu, ukiwaeleza unajikaanga mwenyewe, sema ameanguka, watoto wote huanguka. Watu kumi wakaweka kidole gumba. Nikaona, basi, jopo la mabingwa limekaa. Nilipopatwa na msala nikamwandikia. Akajibu kila nyumba ina bahati yake, akanitumia picha ya kikombe cha chai chenye mvuke. Kumbe watoto wake mwenyewe walilelewa na bibi zao kule Fujian, China, mpaka walipofika umri wa shule, kama familia nyingi za kule ambazo wazazi wako Marekani wanachapa kazi. Kwa nesi wa darasa la kwanza hajawahi kuitwa maishani mwake! Ni sawa na kufundishwa kuogelea na mtu wa Dodoma. (Wagogo mnisamehe.)

Na wewe kwenye uzi wako umeandika "kuna mzee kwenye grupu la mke wangu katushauri". Nilivyoisoma nikahisi ni yeye kahamia Texas.

Lakini na mimi nilikuwa mjinga wa kujitakia. Bibi yangu Pangani alikuwa akiumikwa kwa pembe, na siku hizi mjini watu wanalipia hijama na kupiga picha za mabaka yao. Mwaka 2016, Olimpiki ya Rio, Michael Phelps aliingia bwawani ana madoa ya duara mabegani kama kapigwa muhuri, dunia nzima ikaona, watangazaji wakaeleza ni vikombe vya kuvuta ngozi, biashara ikaisha. Mtu mzima yule, sawa, hafanani na mtoto wa miaka sita. Ila nilikuwa na mfano wa kutosha wa kumweleza nesi, nikachagua kupiga chuku ya aina nyingine.

Nesi si adui yako. Hili ndilo nilitaka mtu anipigie kelele nalo mapema. Mwalimu, nesi, daktari, hawa wamebanwa na sheria. Tangu sheria ya shirikisho ya 1974, jimbo linalotaka fedha za serikali kuu kwa kazi ya kulinda watoto lazima liwe na sheria inayowalazimisha watu wa namna hiyo kutoa taarifa. Hahitaji ushahidi, akishuku tu inatosha, na akinyamaza yeye ndiye anayeingia matatani. Kwa hiyo akiona mgongo wenye mistari na hakuna aliyemwambia kitu, huwezi kumlaumu. Sisi wenyewe tukiona mtoto wa jirani ana mistari mgongoni tunajua ni fimbo, tunachouliza ni kosa alilofanya.

Kanuni yangu ni moja, na naomba uiandike kwenye friji: alama yoyote iliyopo mwilini mwa mtoto, shule isikie kwako, kwa maandishi, kabla haijaona. Guasha, vikombe, chale, hata lile baka la bluu la kuzaliwa linalokaa kiunoni na matakoni. Usifikiri hilo la mwisho ni utani. Watoto wa Kichina wanalo sana, na wa kwetu pia, wako ana urithi wa pande zote mbili, na kuna manesi walioliona wakadhani ni kipigo. Mwambie daktari wake aliandike kwenye rekodi.

Ujumbe wenyewe usiwe risala. Mimi leo ningeandika hivi, usiku, kwa mwalimu na nesi pamoja: "Mtoto wetu alikuwa na homa Ijumaa. Bibi yake anatoka China, alimfanyia guasha, tiba ya kwao ya kukwangua ngozi iliyopakwa mafuta. Ana mistari myekundu mgongoni, itafifia ndani ya siku chache. Picha hii hapa. Nipigieni wakati wowote." Basi. Usiombe msamaha aya tatu, usianze na miaka elfu mbili ya tiba ya Kichina. Na asubuhi mpigie daktari wa mtoto, mwonyeshe, aandike alichokiona.

Sikuahidi kwamba hawatapiga simu kwa ustawi. Wanaweza. Lakini watakuta hadithi moja, ya baba, ya mama, ya bibi na ya mtoto, na picha uliyotuma mwenyewe usiku wa kuamkia. Wakija, usijifanye mkalimani wa mama mkwe wako, hata kama Kikantoni chako, lugha ya kwao Guangdong, kinatoka na viungo. Wewe ni mtuhumiwa pale. Omba mkalimani wa lugha yake hasa, siyo "Kichina" tu. Ofisi zinazokula fedha za serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 kumpa mtu msaada wa lugha, si hisani. Na mtoto naye usimfanye mkalimani wa bibi yake, nakuomba.

Mama mkwe mweleze leo, mkeo awe katikati. Usimwambie dawa yake ni ya kishenzi, kwa sababu homa ilishuka na atakukumbusha hilo mpaka Krismasi. Mwambie tu kijiko kipumzike mpaka mtoto amalize shule, na uji aendelee. Sisi hatukupata nafasi ya kuwa na mazungumzo hayo. Tuliyafanya uwanja wa ndege, vibaya.

Haya, maswali mengine. Shule ya Kichina ya Jumamosi, mpeleke, atalia mwezi mmoja. Chakula cha shuleni wanachomcheka, mwongezee dampling mbili kwenye kontena za kugawa, kelele zitageuka foleni. Lile la lugha gani mzungumze nyumbani ni refu na hili jibu limeshakuwa gazeti. La tano nimelisahau, na sirudi juu kulitafuta.

Texas hapo sasa inakaribia saa nne usiku. Nesi wa shule huwa anafika saa moja na nusu asubuhi. Piga picha mgongo, tuma ujumbe, ukishatuma rudi hapa uandike "nimetuma" nipate usingizi.