Kupima kasi ya damu kwenye vali ya aota kwa MRI: mambo ya kukagua kabla ya kuamini namba

Vali ya aota, mlango wa damu kutoka moyoni kwenda kwenye mshipa mkuu, ikibana, damu hupenya kwa kasi kubwa. Ikifika mita 4 kwa sekunde, ugonjwa huhesabiwa kuwa mkali. Tofauti ya shinikizo hukadiriwa kwa kuzidisha kasi kwa yenyewe, kisha mara 4: mita 4 hutoa mmHg (milimita za zebaki) 64, lakini mita 3.5 hutoa 49 tu. Ndiyo maana kosa dogo la upimaji linaweza kumchelewesha mgonjwa anayehitaji upasuaji, na MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ikikosea, mara nyingi hupunja kasi.

Anza na picha za mwendo za njia ya kutokea ventrikali ya kushoto (chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenye aota), kwa pande mbili zinazokatana. Mkondo wa kasi utauona kama mstari mweusi unaochomoka kwenye vali. Kipande cha kupimia, yaani tabaka la picha ambamo kasi inasomwa, kikate mkondo huo kwa pembe mraba. Usifuate ukuta wa mshipa, kwa sababu mkondo mara nyingi huenda mshazari, hasa vali ikiwa na vipepeo viwili badala ya vitatu. Ukikosea kwa digrii 30, unapoteza takriban asilimia 13 ya kasi. Pima juu kidogo ya ncha za vali, sogea milimita 5, pima tena, kisha chukua kasi ya juu zaidi.

Halafu kuna VENC, kikomo cha kasi unachokiweka kwenye mashine. Kama eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ilionyesha mita 4, weka 4.5 au 5. Ukiweka chini mno, kwenye picha ya kasi, ambako mkondo huonekana mweupe, katikati yake patatokea doa jeusi, kana kwamba damu inarudi nyuma; hapo ongeza 0.5 urudie. Wengine huweka 6 moja kwa moja ili wasirudie. Tunawasihi waache: VENC ikizidi, chengachenga (kelele za picha zinazovuruga namba) huongezeka.

Kwa vali inayovuja, linalotakiwa ni ujazo. Damu inayorudi gawanya kwa iliyotoka: mililita 30 kwa 100 ni asilimia 30. Hapa hitilafu ndogo ya usuli, yaani kasi ya uongo ambayo mashine huonyesha hata pasipo mwendo, hujilimbikiza katika mzunguko mzima wa pigo, kwa hiyo weka moyo katikati ya sumaku. Ukitilia shaka, mtoe mgonjwa, weka chupa ya jeli, ambayo haina mwendo, na urudie kwa mipangilio ileile, kisha toa kasi ya jeli kwenye ile ya mgonjwa.

Mapigo yakiwa hayana mpangilio, kama ilivyo kwa wengi wenye vali ya mitrali (iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, rudia kipimo mara kadhaa, chukua wastani, na uandike hivyo kwenye ripoti.