Re: Kurekodi masomo ya Excel kwa laptop ya ram GB 4, kamera lazima?

Mkuu kamera sio lazima kabisa, somo la Excel watu wanaangalia skrini sio sura yako. Hela yoyote uliyonayo peleka kwenye sauti, mtu atavumilia picha yenye ukungu ila sauti yenye mwangwi anafunga hapo hapo. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye shati, chomeka kwenye simu, rekodia chumbani penye godoro, mapazia na nguo nyingi maana vitambaa vinameza mwangwi, feni zima. Mwanzoni kaa kimya sekunde kama tano hivi, hizo Audacity (programu ya kuhariri sauti) inazitumia kujua kelele ya chumba na kuipunguza, halafu piga makofi mara moja karibu na laptop, maiki yake nayo isikie, ili baadaye upate pa kuoanisha sauti ya simu na video.

Skrini rekodi na OBS Studio, ni ya bure na haikuwekei nembo yake. Kwa ram hiyo weka ukubwa wa video 1280 kwa 720, fremu 30 kwa sekunde, na aina ya faili iwe MKV, laptop ikizima ghafla ulichorekodi kinabaki, MP4 ya kawaida inaweza kuharibika yote. Ukimaliza unaigeuza kuwa MP4 humo humo kwenye Remux Recordings.

Na tafadhali sana kuza Excel hadi 150% hivi, wengi wataangalia kwa simu, seli ndogo hawazioni. Notifikesheni za WhatsApp zima.

Kuediti anza na Shotcut, DaVinci Resolve ina toleo la bure zuri sana ila kwa mashine hiyo itaganda tu.