Jibu: Asmini ina majani tele lakini haitoi maua

Habari za jioni ndugu yangu. Umesema asmini yako ya kwenye ndoo, hapo Shangani, imejaa majani ya kijani lakini haina hata tumba, nawe unataka barazani kunukie mvua zikianza.

Kabla ya kununua chochote, angalia jua. Yangu niliiweka chini ya mwembe, nikadhani kivuli kitaisaidia na joto la Mtwara. Ikarefuka tu. Nilipoihamishia upande wa mashariki, ikawa inapata jua kuanzia asubuhi hadi saa saba hivi, na tumba zikaja.

La pili ni mbolea. Kama unaipa samadi ya kuku kila mara, acha kwanza, kwa sababu inasukuma majani kuliko maua.

Halafu ikate. Najua inauma kukata mmea uliouhangaikia, lakini asmini huchanua kwenye machipukizi mapya. Mimi hupunguza theluthi moja hivi mwezi wa kumi, mvua za Novemba na Desemba zikija zinakuta matawi yako tayari kuchipua. Hakikisha ndoo ina matundu chini.

Maji ya kisima yakiwa na chumvi, kinga maji ya mvua ukipata, uimwagilie hayo.

Tumba zikitokea, zichume jioni kabla hazijafunguka, uzitunge kwa uzi. Usiku zitafunguka zenyewe, na chumba chote kitanukia.

Je, inapata jua saa ngapi kwa siku?