Maswali ya Wasomaji: Filamu Fupi ya Katuni Ndani ya Wiki Tatu

SWALI: Ndugu mhariri, sisi ni wanafunzi wanne wa chuo kimoja mjini Morogoro. Tumeahidi kuonyesha filamu fupi ya katuni kwenye tamasha la chuo, na zimebaki wiki tatu. Hadithi yetu ni ile ya Sungura aliyekataa kuchimba kisima wakati wa ukame, kisha akamhadaa Fisi aliyewekwa kukilinda. Tumeipangia dakika tatu. Hadi sasa tumemaliza sekunde 15 za mwanzo, ambazo tunazipenda sana, lakini zimetuchukua karibu mwezi mzima. Tuna kompyuta mbili, moja ikiwa ya zamani, na ni wawili tu kati yetu wanaojua kuchora. Je, tuongeze wachoraji au tuanze kukesha?

JIBU: Msikeshe wala msiongeze wachoraji. Punguzeni filamu, na mwipunguze leo, kwa sababu filamu isiyopunguzwa mwanzoni hujipunguza yenyewe siku ya mwisho, na kwa kawaida hujikata pale pale penye utamu wa hadithi.

Hesabu yenyewe haina huruma. Sinema huonyesha fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Wachoraji wengi wa katuni hushikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja hudai michoro 12 na dakika tatu zenu hudai michoro 2,160. Wachoraji wawili wakigawana, kila mmoja atabeba michoro 1,080. Na hata kama mchoro mmoja utakamilika kwa robo saa, hiyo ni kazi ya saa 270 kwa kila mtu. Mkitenga wiki mbili za kuchora, maana wiki ya tatu ina shughuli zake, mtatakiwa kuchora zaidi ya saa 19 kila siku. Mchoraji mgeni naye atahitaji siku kadhaa kuizoea sura ya Fisi wenu, na muda wa kumwelekeza utatoka kwa wale wale wawili ambao tayari wamelemewa.

Ifanyeni filamu iwe ya sekunde 90. Ukame, kikao cha wanyama, uchimbaji wa kisima na zamu za ulinzi ni mambo ambayo msimuliaji wa jioni huyatandaza kwa raha, lakini watazamaji wenu wengi wameisikia hadithi hii tangu utotoni na hawahitaji kuongozwa hadi kisimani. Anzeni Fisi akiwa ameshakaa ukingoni mwa kisima, amechoka, na Sungura anakuja na kibuyu. Sentensi moja ya msimulizi itatosha kueleza yaliyotangulia. Ikiwa sekunde zenu 15 zinaonyesha ukame, zitaondoka, na ninajua uamuzi huo utaleta ugomvi. Ugombaneni leo mmalize, wala si siku tatu kabla ya tamasha.

Baada ya hapo, siku mbili za kwanza asichore mtu mchoro wowote wa kudumu. Chukueni karatasi na mchore storibodi kwa penseli, picha moja kwa kila tukio, kwa haraka na bila urembo. Zipigeni picha kwa simu, zipangeni kwenye programu ya kuhariri video, na chini yake mwekeni sauti zenu wenyewe mkisoma maneno ya wahusika. Kufikia jioni ya siku ya pili mtakuwa na filamu nzima, yenye sura mbaya lakini yenye mwanzo, kati na mwisho, na mtaweza kuitazama na kuona mahali inapochosha. Kuanzia hapo, kazi yote ni kubadilisha picha mbovu na kuweka iliyo bora. Msifuate mpangilio wa hadithi katika kubadilisha. Anzeni na tukio ambalo likikosekana hadithi inakufa, nalo kwenu ni lile la Sungura kumfunga Fisi huku Fisi akidhani anafanyiwa wema. Mfuatishe la pili kwa umuhimu, na kuendelea. Muda ukiisha kabla ya kazi, pengo litaangukia kwenye picha ya mbuyu au ya njia, ambayo inaweza kubaki mchoro mmoja uliotulia bila mtazamaji kulalamika.

Suala la mchoro uliotulia linastahili kuelezwa zaidi, kwa kuwa vijana wengi huliona kama uvivu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, studio ya Hanna na Barbera kule Marekani ilianza kutengeneza katuni za televisheni kwa bajeti ndogo sana kulinganisha na zile za sinema, na ikajifunza kusogeza kile tu kinacholazimika kusogea. Yogi Bear, dubu ambaye baadhi ya wasomaji watamkumbuka, amevaa kola na tai ingawa hana shati, kwa sababu kola hiyo inaficha kiungo cha kichwa na mwili: mwili unabaki mchoro ule ule, na kichwa peke yake ndicho kinachochorwa upya anapozungumza. Mvalisheni Fisi wenu ushanga au kitambaa shingoni, na mtakuwa mmejiokolea saa nyingi. Mikono na miguu pia inaweza kuchorwa mara moja kama vipande, kisha ikazungushwa kwenye kompyuta kama vibaraka wa karatasi, na kazi hiyo wanaweza kuifanya wale wenzenu wawili wasiojua kuchora. Tukio la usiku lifanyeni kwa vivuli vyeusi visivyo na macho wala midomo. Lotte Reiniger wa Ujerumani alitengeneza kwa vivuli vya karatasi iliyokatwa filamu nzima ya zaidi ya saa moja, iliyoonyeshwa mwaka 1926, na bado inapendeza.

Kuhusu programu, hamhitaji kununua chochote. Krita, OpenToonz na Blender zote ni za bure, na filamu ya *Flow* ya Latvia, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender. Lakini huu si wakati wa kujifunza programu mpya. Tumieni ile ambayo mikono yenu imeshaizoea, hata kama jirani anaisifu nyingine.

Wiki ya tatu ni ya sauti, marekebisho na kutoa filamu, yaani kuiacha kompyuta itengeneze fremu zilizokamilika moja baada ya nyingine, hatua ambayo kila mwaka huwaangusha watu wenye kazi nzuri. Sekunde 90 kwa fremu 24 ni fremu 2,160. Kompyuta yenu ya zamani ikitumia dakika moja kwa kila fremu, itafanya kazi saa 36 mfululizo. Kwa kuwa michoro yenu ni 12 kwa sekunde, toeni fremu 12 tu na muda huo utapungua hadi saa 18. Tena msitoe faili moja la video moja kwa moja. Toeni kila fremu kama picha yake, ili umeme ukikatika usiku mwendelee kutoka fremu mliyoishia badala ya kuanza upya. Kila jioni wekeni nakala kwenye flashi inayolala nyumba nyingine.

SWALI: Katika katuni yangu midomo haifuatani na maneno, na nikijaribu kuchora mdomo kwa kila herufi siku zinaisha. Nifanyeje? *Msomaji, Mombasa.*

JIBU: Rekodi sauti kwanza, kisha uchore kwa kuifuata, ukifanya kinyume hutafika. Kiswahili kinakurahisishia kazi, maana silabi zake nyingi huishia kwa irabu na irabu zenyewe ni tano. Chora midomo mitano ya *a, e, i, o, u*, ongeza mmoja uliofumbwa kwa *m, b* na *p*, na mwingine wenye meno juu ya mdomo wa chini kwa *f* na *v*. Hiyo saba itakutosha kwa filamu nzima. Utangulize kila mdomo fremu moja au mbili kabla ya sauti yake, na mhusika anaposema sentensi ndefu, mwonyeshe anayesikiliza.

SWALI: Je, ninaweza kuweka wimbo wa Bongo Fleva unaovuma kwenye filamu yangu fupi, ikiwa sitaiuza? *Msomaji, Dodoma.*

JIBU: Kutouza filamu hakukupi ruhusa. Utahitaji idhini ya mwenye wimbo na pia ya mwenye rekodi, ambao mara nyingi si mtu mmoja, na majibu yao yanaweza kuja wakati tarehe yako imeshapita. Mtafute mpiga marimba au mpiga gitaa wa mtaani kwako, mlipe, mwandikiane makubaliano ya ukurasa mmoja, na umrekodi asubuhi mapema kabla pikipiki hazijaanza kupita.