Msitu wa Dorer hauna geti: chagua kipande kimoja kabla ya kuwasha gari

Mkuu, nimesoma swali lako. Unatoka Brooklyn Park, pale jirani na Minneapolis, na familia, mama mzee amekuja kutoka Dar na magoti yanamsumbua, watoto wanataka kulala kwenye hema, na umeona kwenye ramani bonge la kijani kusini-mashariki mwa Minnesota lililoandikwa Richard J. Dorer Memorial Hardwood State Forest. Unauliza geti liko wapi na kiingilio ni dola ngapi. Naishi Rochester, huo msitu ndio kama uwanja wangu wa nyuma, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo.

Geti hakuna. Kiingilio hakuna. Sisi tuliozoea misitu ya nyumbani tunategemea utaratibu kama wa Magamba pale Lushoto: unaanzia ofisini, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza. Huku ukiweka jina la msitu kwenye simu na kufuata mshale, unaweza kujikuta katikati ya shamba la mahindi la mzungu wa watu, mbwa wanakubwekea.

Sababu ni hii. Lile bonge la kijani ni mpaka wa kisheria tu. Ndani yake kuna zaidi ya ekari milioni moja, kuanzia upande wa Red Wing hadi karibu na mpaka wa Iowa, lakini ardhi inayomilikiwa na jimbo kama msitu ni kama ekari 45,000. Sehemu kubwa iliyobaki ni mashamba, nyumba za watu, miji midogo na makanisa. Msitu wenyewe ni viraka, kimoja huku, kingine bonde la tatu.

Viraka hivyo vina historia, na ukiijua hutashangaa. Eneo lile ni magenge na mabonde makali, kwa sababu barafu ya zama za mwisho iliyosawazisha sehemu kubwa ya Minnesota haikupita pale. Walowezi wa karne ya 19 walikata miti, wakalima na kulisha ng'ombe kwenye miteremko ile ile. Udongo ukaanza kushuka na mvua. Kijiji cha Beaver, kwenye bonde la mto Whitewater, kilifurika mara 28 katika mwaka mmoja, 1938, na hatimaye watu wakahama. Richard Dorer alikuwa mtumishi wa idara ya uhifadhi ya jimbo, na ni mmoja wa waliopigania miteremko irudishiwe miti. Msitu ukaanzishwa mwaka 1961, jimbo likawa linanunua ardhi kwa wenye kukubali kuuza. Aliyekataa alibaki na shamba lake. Ndiyo maana leo njia ya miguu inapita kwenye mialoni na mijozi, halafu ghafla unakuta waya wa jirani.

Na huo waya uuheshimu. Sheria ya Minnesota hairuhusu kuingia shamba la mtu kutembea bila ruhusa, hata kama hakuweka kibao. Usiseme hukuona tangazo.

Kwa hiyo usipange kwenda msitu wa Dorer. Panga kwenda kipande fulani. Kila kipande kina jina na ramani yake kwenye tovuti ya DNR, yaani idara ya maliasili ya jimbo, bure. Ipakue ukiwa nyumbani, kwa sababu ukishashuka bondeni mtandao unakata.

Kwa hali ya familia yako mimi nasema Kruger, bila kusita. Iko upande wa magharibi wa Wabasha, jirani na barabara namba 60. Kutoka kwako ni kama saa moja na nusu hadi mbili, ukishuka na barabara ya 61 kupitia Red Wing na kandokando ya Ziwa Pepin, na njia hiyo peke yake inatosha kumfurahisha mgeni. Kruger ina kambi ndogo ya mahema na njia za miguu zinazopanda juu ya magenge hadi unauona mto Zumbro ukijikunja chini. La muhimu kwako: kuna kipande cha njia kilichotengenezwa ili hata mtu wa kiti cha magurudumu apite. Mama atatembea taratibu na fimbo yake, nyie wengine mkitaka kupanda mpande mumkute. Nimeshawapeleka wazee pale na hakuna aliyelalamika, isipokuwa mmoja aliyeuliza mbona hakuna nyani.

Kambi ni ya kienyeji kwelikweli. Choo ni cha shimo, umeme hakuna, bafu hakuna. Kama mama hawezi kulala chini, waachie watoto hema pamoja na mtu mzima mmoja, wewe na mama mchukue chumba Wabasha mjini. Si aibu. Maji ya kunywa beba ya kutosha, usitegemee ya kule. Kabla hujaondoka angalia kwenye tovuti kama kambi iko wazi na nafasi zinapatikanaje msimu huo.

Vipande vingine nitavitaja haraka ili usije ukapotezwa na picha za mtandaoni. Zumbro Bottoms ni kwa wapanda farasi hasa; unaweza kutembea, lakini utakuwa unaruka kinyesi. Snake Creek, kusini ya Wabasha, ina njia za pikipiki na zile gari za magurudumu manne, na kelele zake ni zile zile za bodaboda. Bronk, karibu na Winona, ina mandhari nzuri ila mpando wake si wa magoti mabovu. Isinours iko kati ya Preston na Lanesboro, kando ya njia ya baiskeli ya Root River ambayo ni lami tupu maili 42 kutoka Fountain hadi Houston. Watoto wakishakua na baiskeli zao, anzia hapo.

Wakati wa kwenda. Mimi napenda mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Miti ya kule ni ya kupukutisha majani, kwa hiyo rangi zinabadilika kuwa nyekundu, njano, kahawia, na mama atakuwa na picha za kuwatumia wenzake wa kikundi cha kanisani mpaka wachoke. Mbu wamekwisha na joto limepungua. Ila ile wikiendi ya Oktoba ambayo shule hufungwa ndiyo pia vijana huruhusiwa kuwinda kulungu kwa bunduki. Mkienda siku hizo, kila mtu avae kitu cha rangi ya chungwa kali, kofia au fulana. Zile za bei rahisi zinatosha. Msimu mkubwa wa bunduki hufunguliwa Jumamosi iliyo karibu na tarehe 6 Novemba, na kusini-mashariki kuna duru ya pili kuelekea mwisho wa mwezi. Hapo mimi hubaki nyumbani. Msitu ni wa wawindaji pia na wana haki yao, sitaki tu kukutana nao watoto wangu wakiwa wanakimbia vichakani.

Sasa wadudu na mimea, maana hapa ndipo wageni wengi huumia wakati wanaogopa dubu. Kupe wa kule, yule mdogo kama mbegu ya ufuta, anabeba ugonjwa wa Lyme. Mei hadi Julai ndiyo kilele, lakini vuli huwa wanarudi tena. Suruali ndefu, uichomeke kwenye soksi, dawa ya kufukuza wadudu, na jioni mkaguane: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, kwenye nywele za watoto. Ukimkuta kashika, mng'oe taratibu kwa kibano karibu na ngozi, usimpake mafuta wala kumchoma na kiberiti. Ikitokea homa au wekundu unaopanuka siku au wiki zinazofuata, nenda hospitali na useme wazi kwamba umetoka msituni.

Wafundishe watoto mmea wa majani matatu matatu, unaowasha ngozi wiki nzima. Na ule wenye maua ya njano kama mwavuli kandokando ya njia na barabara: utomvu wake ukikugusa halafu jua likapiga, ngozi inababuka kama umemwagiwa maji ya moto. Wasichume maua, basi. Nyoka mwenye manyanga mkiani yupo kwenye magenge yale, ni adimu na analindwa na sheria. Yeye mwenyewe anakukwepa. Angalia unapoweka mkono ukishika jiwe, inatosha.

Kuni usibebe kutoka mjini. Kuna mdudu anayeua miti ya huku inayoitwa ash na anasafiri ndani ya kuni, kwa hiyo jimbo linataka kuni zilizoidhinishwa, zinauzwa karibu na kambi na kwenye vituo vya mafuta. Kwa nyama choma mimi hubeba mkaa wa dukani na jiko dogo, na nyama nimeshaikolezea tangu usiku. Angalia kwanza kama hakuna katazo la moto siku hiyo. Kukiwa kukavu huwa wanafunga.

Umemtaja pia shemeji wako anayetaka kuvua trauti, wale samaki wa maji ya baridi. Aambiwe kwamba leseni ya uvuvi ni lazima kwa mtu mzima, na trauti inataka stempu yake ya ziada. Vijito vya kule ni vya baridi, maji yanatoka kwenye chemchemi za mawe ya chokaa, samaki wapo kweli. Askari wa wanyamapori nao wapo.

Mimi ningepanga hivi: Jumamosi mtoke asubuhi, mpite Wabasha mkamwonyeshe mama tai kwenye National Eagle Center, mle mchana hapo mjini, mfike Kruger mapema mpate muda wa kusimika hema kabla ya giza. Jumapili mtembee asubuhi kabla njia hazijajaa watu. Ukishajua tarehe iweke hapa kwenye uzi. Kama siko zamu, nitakuja na jiko la pili.