Kitunguu mwitu cha Appalachia: asili yake, na kama kitaota Arusha

Swali: Naishi Pennsylvania. Jirani kaniletea vitunguu vya msituni vyenye majani mapana, anaviita ramps. Asili yake ni wapi? Nikipeleka mbegu nyumbani Arusha zitaota?

Jibu: Ndugu msomaji, hicho ni Allium tricoccum, na hapo ulipo ndipo kwao. Huota chenyewe katika misitu ya mashariki ya Amerika Kaskazini: Nova Scotia na Quebec huko Kanada, magharibi hadi Minnesota, kisha kushuka na milima ya Appalachia mpaka kaskazini mwa Georgia.

Arusha usihangaike. Mbegu zikianguka mwishoni mwa kiangazi huhitaji kwanza miezi ya joto na unyevu ili zitoe mzizi, halafu baridi kali ya miezi kadhaa ndipo zitoe jani. Ndiyo maana nyingi huchipua mwaka wa pili. Baridi ya Julai ya Arusha haitoshi. Isitoshe, majani hutoka Machi au Aprili, miti ikiwa bado mitupu, yakapata jua wiki chache tu. Miti ikifunga kivuli, yananyauka. Maua huja Juni au Julai, majani yakiwa yameshatoweka.

Panda huko huko, chini ya miti inayopukutisha majani. Chimba kina cha sentimita 7 hivi, zika vitunguu ncha ikae karibu na usawa wa udongo, nafasi sentimita 10 hadi 15, kisha funika kwa majani makavu. Wengi hukosea kwa kuvipanda juani. Udongo hukauka kiangazi na kitunguu huoza au hukauka nao.

Uvunaji ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kutoka mbegu hadi ua ni miaka 5 hadi 7, kwa hiyo anayeng'oa shina zima humaliza kichaka upesi. Kata jani moja kwa kila mche, kitunguu kibaki ardhini. Quebec ilipiga marufuku kukiuza tangu 1995, na mtu anaruhusiwa vitunguu 50 tu kwa mwaka, vya kula mwenyewe.

Jihadhari pia na Convallaria majalis, mmea uitwao kwa Kiingereza lily of the valley, wenye sumu inayodhuru moyo. Majani yake hufanana sana, ila hayanuki kitunguu, na jani moja hulizunguka jingine shinani. La ramps lina kikonyo chake, mara nyingi chekundu-zambarau. Ukishashika vichache vidole vyote hunuka, pua haisaidii tena. Kagua shina la kila mche.